Kazi Ilianza Lini?

Jiko letu huku Midlands, Uingereza, lilikuwa na soketi mbili tu, na aliyeziweka hakuwa na habari kwamba siku moja nyumba hiyo itakaliwa na watu wa Tanga. Birika, friji, blenda ya kusagia nazi, mashine ya kufulia ambayo Waingereza huiweka jikoni, na pasi ya Mama mkwe isiyopoa, vyote vilipata umeme kwenye adapta iliyopanda juu ya adapta. Mume wangu alijifunza umeme kwao kabla ya kuja kuendesha mabasi, kwa hiyo akasema fundi wa nini. Kiangazi cha mwaka 2004 akachukua tindo, akachimba mfereji ukutani kutoka soketi ya zamani mpaka dirishani, akautazama, akaridhika, akaacha.

Mfereji ukakaa. Mama akautundikia kalenda ya msikiti, lakini kalenda ilikuwa fupi na mfereji mrefu. Nikiuliza kazi itaanza lini, najibiwa, "Mama watoto, mbona imeshaanza?"

"Huo si mwanzo, huo ni uharibifu."

Desemba akaja mtoto wa kaka yake, kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa fundi umeme. Baada ya shikamoo na chai akainua kalenda, akachungulia. "Ami, hii umewaarifu halmashauri?"

Hivyo ndivyo Sehemu P ilivyobisha hodi kwetu. Kanuni za Ujenzi za England na Wales zimepangwa kwa herufi: A ni uimara wa jengo, B ni usalama wa moto, na kadhalika. P ikaongezwa kwa ajili ya umeme wa nyumba za kuishi, ianze kutumika 1 Januari 2005. Kuanzia siku hiyo, anayeweka sakiti mpya, au kuongeza soketi jikoni, au kugusa nyaya za bafuni zaidi ya kubadilisha kilichoharibika, alitakiwa achague moja: amwite fundi aliyesajiliwa, atakayeithibitisha kazi yake mwenyewe, au aiarifu halmashauri kabla hajaanza, na alipe ada. Sheria haikumzuia mwenye nyumba kushika bisibisi. Ilitaka ijulikane nani kaishika.

Lililomkera mume wangu ni ule ukuta. Soketi hiyo hiyo akiiongeza upande wa sebuleni, haulizwi. Akiitokeza upande wa pili, jikoni, ni barua na ada. "Umeme wenyewe unajua uko chumba gani?" akauliza. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba sebuleni hakuna sinki.

Kukawa na upenyo mmoja. Kazi iliyokwisha kuanza kabla ya mwaka mpya iliachwa kama ilivyo, mradi imalizike kufikia 31 Machi 2005. Mume wangu akanigeukia kwa uso wa bashasha ambao sikuuona tangu arusi. "Mama watoto atanishuhudia kwamba nimeanza."

"Nishuhudie nini, na mimi miezi yote nasema hujaanza?"

Aliyemwokoa ni Mama. "Kalenda yangu inaning'inia hapo tangu Shaabani," akasema. "Nisingetundika kalenda juu ya ukuta mzima." Ushahidi ukapokelewa.

Ndipo lilipozuka jambo la rangi. Mume wangu alikuwa na waya wa zamani stoo: nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kama alivyofundishwa Tanga, maana rangi hizo zilifika huko na Waingereza wenyewe. Sasa Waingereza walikuwa wakiziacha. Tangu 31 Machi 2004 mafundi waliruhusiwa kutumia rangi za Ulaya, kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro, na baada ya 31 Machi 2006 kazi mpya ingekuwa ya rangi hizo tu. Waya wa stoo ukaisha hatua chache kabla ya dirisha. Kijana akaleta mpya.

Niliwashikia tochi walipounganisha. Ndani ya kisanduku cha ukutani, kahawia ikaingia tundu moja na nyekundu, buluu ikaingia na nyeusi, ethi ya kijani na manjano ikabaki vile vile. Hapo mambo ni mepesi. Hatari iko kwenye waya wenye nyuzi tatu, kwa mfano wa taa inayowashwa chini na juu ya ngazi, kwa sababu zile mpya ni kahawia, nyeusi na kijivu, na ile nyeusi inaweza kubeba moto. Aliyezoea kwamba nyeusi ni nyutro ataishika bila wasiwasi. Kwa sababu hiyo nyumba yenye rangi za enzi mbili ilikuwa ikibandikwa ilani karibu na kisanduku cha fyuzi. Yetu ikabandikwa, na Mama akaifuta vumbi kila Ijumaa.

Soketi ziliwahi Machi. Oveni haikuwahi, kwa kuwa duka lilichelewa kuileta, na oveni ilitaka sakiti yake yenyewe. Mume wangu akaiweka mwenyewe, kisha tukamwita fundi aliyesajiliwa aje atie saini. Akatazama, akasifu, akakataa: anathibitisha alichokifanya yeye, si alichokikuta. Akitakiwa kusaini, atang'oa na kuanza upya. Mume wangu akaona afadhali alipe ada ya halmashauri.

Mkaguzi alipofika, akakuta ukuta laini, mweupe. Mama alikuwa amechoka na kalenda, akamwita fundi wa plasta wakati mwanawe yuko zamu. Mkaguzi akauliza nyaya zimepita wapi, zimelala kina gani, nani aliziona kabla hazijafunikwa. Hakukuwa na jibu la kuandikwa. Plasta ikabomolewa.

Kazi ikapimwa, ikapita, cheti kikatoka. Aprili 2013 England ikaziondoa soketi za jikoni kwenye orodha ya kuarifiwa, Wales ikazibakiza, na mume wangu akatembea kifua mbele wiki nzima mpaka kijana alipomkumbusha kwamba sakiti mpya bado imo, kwa hiyo oveni isingepona. Tulipouza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi hakuuliza kama oveni inawaka. Aliuliza cheti.

Siku hizi jamaa akibomoa ukuta mtaani kwetu, mume wangu huenda na kamera bila kuitwa. Anapiga picha za nyaya zikiwa wazi, na futi ya kupimia imelazwa kando, ndipo anaruhusu plasta. Ada yake ni chai na mahamri, na yeyote anayesema "nimeshaanza" anamwambia amwonyeshe tarehe.