Namna ya Kunyanyua Makalio ya Pikapu Kabla ya Kushuka Mbamba Bay

Pikapu inayohitaji mwongozo huu utaitambua hata ikiwa imeegeshwa. Makalio yamekaa chini, pua inatazama mawingu, na usiku taa zake zinamulika vilele vya miti badala ya barabara. Nyuma yake kuna tela. Juu ya tela kuna boti ya fiba, injini, nyavu, madumu ya petroli, na magunia matatu ya mahindi ambayo shemeji aliomba yashuke nayo tu mpaka Ziwa Nyasa. Mwenye gari amesimama pembeni, mikono kiunoni. Fundi anaangalia chini ya gari kisha anatoa hukumu inayotolewa kila gereji ya Mbinga: "Bosi, hapa dawa ni kuongeza springi."

Usiongeze bado. Springi ya bapa iliyoongezwa haiondoki mzigo ukishuka. Siku utakayokwenda Songea gari likiwa tupu litakurusha mpaka kofia iguse paa, na mama mkwe aliyekaa kiti cha mbele hatakusamehe. Ndiyo maana wanaovuta karavani, zile nyumba za magurudumu, wamependa mifuko ya upepo: unaijaza ukiwa na mzigo, unaipunguza ukiutua. Ni mpira mgumu unaoingizwa ndani ya springi ya koili, au kwenye gari la springi za bapa unakaa kati ya ekseli na chesisi. Anayesafiri kwa basi kubwa la kisasa kutoka Songea hadi Dar es Salaam huenda amekalia upepo wa aina hiyo safari nzima.

Hatua ya kwanza ni kutofunga chochote. Nenda kwenye mizani. Mbinga ni nchi ya kahawa, na penye kahawa pana mizani ya kupimia magunia. Omba kwa heshima, uje siku ambayo si ya kupokea kahawa. Weka tela sehemu tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, kisha laza pua yake juu ya mizani katika kimo kilekile inachokuwa ikifungwa kwenye gari. Pua inatakiwa kubeba kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela. Ikibeba kidogo mno, tela itaanza kucheza mkia kwenye mteremko, na tela ikishacheza mkia ndiyo inayoendesha gari, wewe unabaki abiria mwenye usukani. Ikibeba kupita kiasi, makalio yanakaa chini. Mara nyingi tiba ya pikapu iliyolala ni kusogeza injini ya boti hatua moja nyuma, karibu na ekseli ya tela. Tiba hiyo ni bure, na hakuna fundi atakayekuuzia.

Sasa hesabu ambayo kila mvuta tela aijue kama anavyojua bei ya dizeli. Tuseme pua ya tela inalemea kilo 150. Umbali kati ya ekseli mbili za pikapu ni mita 3, na ndoano ya kuvutia iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haipokei kilo 150, inapokea 210. Zile 60 za ziada zimenyang'anywa magurudumu ya mbele, yaani magurudumu yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Mfuko wa upepo utanyanyua makalio, taa zitarudi barabarani, utafurahi. Lakini zile kilo 60 hazirudi mbele eti kwa sababu bodi imenyooka. Gari limesimama vizuri machoni, na mzigo uko palepale.

Hapo ndipo ninapoomba tusikilizane. Uwezo wa gari kubeba uliandikwa na aliyelitengeneza, kwa kuhesabu ekseli, matairi, breki, beringi na chesisi. Mfuko wa upepo hauimarishi hata kimoja kati ya hivyo. Ukimwona mtu amefunga mifuko Jumatatu na Jumanne amepakia magunia manne zaidi kwa kuwa "sasa inabeba", mwambie ukweli palepale, hata kama ni mjomba wako. Yeye atakuwa wa kwanza kushuka kuelekea ziwani, na nyuma yake na mbele yake kuna watoto wanaotembea kwenda shule.

Wamatengo, wakulima wa milima ya Mbinga, waliuelewa mlima muda mrefu kabla ya pikapu. Mashamba yao ya ngoro hugawa maji ya mvua katika mashimo mengi ili pasiwepo mahali pamoja panapobeba yote na kubomoka. Mfuko wa upepo kwenye gari la springi za bapa hufanya kinyume. Springi ya bapa hukabidhi mzigo kwa chesisi katika ncha zake mbili, mbele na nyuma. Mfuko unausukuma katikati, juu ya ekseli. Ujaze sana, ongeza tela nzito inayovuta ndoano chini, pita shimo moja kwa kasi, na chesisi inaweza kupinda hapohapo nyuma ya kibanda cha dereva. Pikapu zimekunjika hivyo katika nchi nyingi, zikiwa na mifuko mipya inayong'aa. Kwa hiyo mfuko ujazwe kiasi cha kusaidia springi, usichukue kazi ya springi.

Kuhusu kufunga, nitapita haraka kwa sababu fundi mzuri atafuata karatasi iliyokuja na mifuko, na fundi anayetupa karatasi hiyo kwenye ndoo ya oili chafu usimwachie gari. Mambo matatu tu usiyafumbie macho. Mpira wa kupitisha upepo ukae mbali na eksozi, maana joto litautoboa. Kila unganisho lipakwe maji ya sabuni, ukiona povu linachemka, upepo unavuja. La tatu ndilo linalonikosesha usingizi: mfuko wa kushoto uwe na mpira wake na valvu yake, na wa kulia vilevile. Ukiiunganisha mifuko kwa mpira mmoja ili kuokoa shilingi chache, kwenye kona upepo utakimbia kutoka upande uliolemewa kwenda upande mwepesi, na gari litainama zaidi wakati ambapo ungetaka lisimame. Kati ya Mbinga na Mbamba Bay kona hazikosi.

Kisha pima. Kabla ya kufunga tela, chukua futi ya fundi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, mbele na nyuma, uandike. Funga tela, pima tena. Jaza upepo kidogo kidogo mpaka nyuma ikaribie kimo cha awali, na uachie hapo. Usipandishe kupita kimo hicho ili gari lionekane kama duma anayetaka kuruka. Usizidishe psi zilizoandikwa na mtengenezaji, wala usiuache mfuko mtupu kabisa gari likitembea, kwani mpira utajikunja na kujisaga. Shokapu zilizochoka zibadilishwe kabla: upepo husukuma, na shokapu ndiyo inayotuliza.

Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kama mita 475. Utashuka zaidi ya mita 800 ndani ya kilomita 66 za lami. Wapo wanaouliza kama upepo uliojazwa kwenye baridi ya Umatengo utabaki sawa kwenye joto la ufukweni. Hewa ya chini ni nzito zaidi na inaubana mfuko, joto linautanua, na mambo hayo mawili yanakaribia kufutana. Kinachokuwa tofauti kabisa ni breki. Mfuko wa upepo hausimamishi gari. Magari mengi ya aina hii huruhusiwa kuvuta tela isiyo na breki zake ya hadi kilo 750 tu. Ikizidi hapo, tela iwe na breki. Ingia gia nzito juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, uache injini ikuzuie. Anayekanyaga breki mfululizo hadi chini atafika akinusa harufu ya pedi zake zinazoungua, kama atafika.

Na kama hesabu imekataa, gawa mzigo. Hakuna aibu. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyoshambuliwa Liuli Agosti 1914, ilifika Ziwa Nyasa katika miaka ya 1890 ikiwa vipandevipande, kwa kupitia mito ya Zambezi na Shire, ndipo ikaunganishwa. Kama meli ya vita ilikubali kuja kwa awamu, magunia ya shemeji yanaweza kungoja safari ya pili.

Ukishafika Mbamba Bay, fungua tela, kisha punguza upepo kabla ya kuingia njia za vumbi za vijijini kando ya ziwa. Gari tupu lenye mifuko iliyojaa hudunda na kukosa mshiko kwenye kokoto. Wakati wa kurudi utapakia dagaa wa Nyasa, wakavu, wepesi kwa gunia lakini wengi kwa kimo, na tela itakuwa ndefu ya kuyumbishwa na upepo wa ziwani. Pua ya tela itakuwa na uzito mwingine kabisa. Toa futi, pima upya.