Sifa za Kompyuta Mpakato Inayochemka

Miongoni mwa vitu vinavyostahili shukrani katika nyumba ya mtu mstaarabu, hakuna kinachodhulumiwa kama kompyuta mpakato inayochemka. Watu huinunua kwa fedha nyingi, huisifia kadi yake ya michoro mbele ya marafiki, kisha inapotoa joto, ambalo ndilo tunda halisi la kadi hiyo, huikunjia uso. Wewe msomaji unayo ya namna hiyo, na najua humwambii mtu. Mimi yangu naitumia Dar es Salaam, mwezi Februari, hata ukuta unapotoa jasho, nami natamka bila kusita kwamba anayetamani kompyuta ya baridi hajui anachojinyima.

Tuanze na sauti. Feni mbili nyembamba, zikizunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, hutoa mlio unaopenya mlango, sebule na nusu ya uwanja. Seremala akifanya kazi husikika, mwashi akifanya kazi huonekana. Mtu wa kompyuta, kabla ya neema hii, alikaa kimya na mashemeji wakamtuma dukani. Leo hatumwi mtu. Mlio ukianza, wote wanajua baba yuko kazini. Mazungumzo hupandishwa sauti, taarifa ya habari hufuatwa kwa kutazama midomo ya mtangazaji, na watoto hujifunza mapema kuheshimu jasho la mzazi.

Kisha kuna unyenyekevu wa kadi ya michoro. Kadi nyingi za aina hii zimewekewa mpaka wa nyuzi joto zipatazo 87. Ikifika hapo haigombi wala hailalamiki. Hujipunguzia mwendo yenyewe, kimyakimya, na wewe unaendelea kuamini kwamba unatumia mashine uliyoilipia. Jirani yangu huhariri video za harusi, naye anaufahamu wema huu kuliko sisi sote. Bibi harusi mmoja alimpigia: “Kaka, video yangu vipi?” Akajibiwa, “Bado inarenda, dada.” Alipoipokea alikuwa tayari na tumbo linaloonekana, akajitazama alivyokuwa mwembamba, akalia kwa furaha ya kumbukumbu. Ingetoka wiki ile ile ya harusi, angekumbuka nini?

Lakini utukufu wa jambo hili uko katika programu za kuongoza feni. Hapo mwananchi wa kawaida hukabidhiwa madaraka. Hufunguliwa kigrafu, akachora mstari wake: nyuzi 60, feni asilimia 40, nyuzi 75, asilimia 70, nyuzi 85, nguvu zote. Huchora, hufuta, huchora upya, hata muadhini akamkuta bado anachora. Feni nayo hufanya ilivyokwisha kuamua. Hili si kosa. Katika kompyuta mpakato nyingi feni haziongozwi na kadi ya michoro, bali na chipu ndogo iliyomo kwenye bodi kuu, yenye maagizo yake kutoka kiwandani. Ndiyo maana ukifungua MSI Afterburner, mara nyingi utakuta sehemu ya feni imefifia, haiguswi. Maoni yako yamepokelewa. Sijui somo la uraia lililo fupi na wazi kuliko hilo.

Wapo waliobahatika, ambao programu kama NoteBook FanControl inaitambua mashine yao na kuzungumza na chipu hiyo moja kwa moja. Hao nawapongeza, maana sasa makosa yote ni yao. Mstari ukichorwa mkali mno, feni hupanda, joto hushuka, feni hushuka, joto hupanda, kila baada ya sekunde chache, usiku kucha. Nami ni mmoja wao, na mke wangu huusikiliza muziki huo macho wazi, ameelekea ukutani, na hajawahi kutoa neno la kupinga. Kwa kweli hajatoa neno lolote.

Nije kwenye kibao cha feni, kile kinachowekwa chini ya kompyuta na kuwaka taa za buluu. Sijaona ushujaa unaolingana na wake. Tundu la kawaida la USB hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5. Kwa wati hizo mbili na nusu kibao hujitosa kupambana na kadi inayoweza kula wati 80, au hata kupita 100. Na wati zenyewe hakiziombi kwa jirani. Hukopa kwa kompyuta ile ile inayokuja kuiokoa. Feni yake kubwa aghalabu huwa katikati, ilhali matundu ya kuvutia hewa ya kompyuta yako pembeni, hivyo upepo wote huipata plastiki, nayo plastiki imepoa vizuri sana. Ukikutana na mtu anayedai kibao chake kimeshusha nyuzi tatu, mpe mkono. Ameitazama namba hiyo kwa muda mrefu.

Kuna vijana wasio na adabu ambao huinua kompyuta upande wa nyuma kwa vizibo viwili vya soda. Hewa huingia chini, joto hushuka, na gharama yake ni soda mbili walizokwisha kunywa. Sitawazungumzia zaidi. Vizibo havina taa.

Adui mwingine wa mapenzi haya ni fundi. Nilimpelekea yangu Kariakoo aniongezee memori, naye, bila kutumwa, akafungua mfuniko akanionyesha kati ya feni na mapezi ya shaba pazia la vumbi la kijivu, limeshikamana barabara, ungeweza kulikunja. Akasema hapo ndipo upepo unapokwama. Akaendelea kusema kwamba pesti iliyo kati ya chipu na shaba imekauka, na kwamba brashi na pesti mpya vingeshusha nyuzi kumi au zaidi. Nikamshukuru, nikamwomba afunge. Vumbi lile nimelilea mwenyewe, na mtu akiwa na programu tatu za feni hana sababu ya kuhangaika na brashi.

Wapinzani hupenda kutaja mwaka 2008, pale NVIDIA ilipotangaza kutenga dola za Marekani milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za michoro za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa mapema. Wataalamu walisema vifaa vilivyoishikilia chipu vilichoka kwa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa. Wakalaumu moto! Mimi nalaumu kupoa. Na wenye kompyuta hizo walithibitisha hoja yangu walipozitia bodi zao ndani ya oveni za jikoni, zikafufuka, zikafanya kazi kwa muda mfupi uliojaa shangwe.

Afya nayo imezingatiwa. Mwaka 2010 madaktari wa Uswisi waliandika katika jarida la Pediatrics kuhusu kijana wa miaka 12 aliyepata mabaka kwenye paja la kushoto kwa kuiweka kompyuta hapo saa kadhaa kila siku. Kama wazee wetu walivyokuwa na sugu za jembe viganjani, kizazi hiki nacho kimepata alama yake ya uchapakazi, tena mahali pa staha. Betri nayo, ikikaa jotoni, hunenepa hadi kukiinua kibao cha kugusia. Hapa kwetu anayenenepa huambiwa amenawiri.

Kasoro moja tu naikiri, na ni ya umeme. Ukikatika, kompyuta hubaki kwenye betri, kadi hupunguziwa chakula, feni hunyamaza, na kwa muda huo nyumba hupatwa na utulivu usiovumilika. Mke wangu husinzia. Nimeamua kulitatua. Mwisho wa mwezi nanunua kibao cha pili, chenye feni sita na betri yake, kikae chini ya hiki cha kwanza. Kwenye chaji kitahitaji tundu lake, na matundu ya USB yamekwisha, hivyo kipanya kitaondoka. Kwa mwendo ilio nao kompyuta sasa hivi, mshale naweza kuusubiri.