Alikuwa Hapa Sasa Hivi

Nina picha 1,140 za matawi. Lipo tawi la mwembe wa jirani, lipo la mkungu wa ofisini, na yapo matawi mengi ya msitu wa Amani ambayo hata miti yake siijui kwa majina. Nionyeshe picha yoyote kati ya hizo, nitakutajia ndege aliyekuwa amekaa hapo nusu sekunde kabla sijabonyeza. Mke wangu ameupa mkusanyiko huu jina la "Alikuwa Hapa Sasa Hivi", maana ndiyo maneno ninayoyasema kila ninapompa atazame.

Wa kulaumiwa ni shemeji. Mdogo wake mke wangu anapiga picha za harusi, na mwaka huu Kwaresima na Ramadhani viliingia pamoja. Kwa mtu wa kazi yake huo ni ukame wa pande zote: kanisani hakuna harusi, msikitini hakuna harusi, na wanaofunga ndoa bomani hawataki albamu. Kamera ikabaki kabatini inaota vumbi, nami nikaiomba. Akanikabidhi pamoja na lenzi ndefu kama mchi, kwa masharti matatu: isilowe, isianguke, na mfuniko wa lenzi usipotee. Nilitimiza mawili.

Kosa letu sote lilikuwa kudhani picha ni picha. Bibi harusi husimama. Ukimwambia ainue kidevu, anainua. Ukimwambia warudie kulishana keki, wanarudia, na kamati nzima inapiga makofi upya kana kwamba haikuona mara ya kwanza. Ndege hana kamati.

Nilianza mazoezi nyumbani kwa kunguru, kwa kuwa Dar es Salaam hawahitaji kutafutwa. Huyu kunguru tunayemwita wa Zanzibar asili yake ni India; alipelekwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, akaona kazi ni nzuri akahamishia ukoo wake bara. Nilimwekea andazi juu ya ukuta, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini sidhani kama walimjaribu kwa andazi. Alitua, akanitazama mimi, akaitazama lenzi, akachukua andazi, akaenda kulila juu ya bati la jirani huku amenipa mgongo. Picha niliyopata ina anga jeupe pe na katikati shimo jeusi lenye miguu miwili. Shemeji alieleza kuwa kamera imehadaiwa na mwanga wa anga. Nikamwambia tumehadaiwa wawili.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nilipanda basi kwenda Muheza, nikapita meza za machungwa bila kununua (nilikuwa na haraka ya kukutana na ndege, kana kwamba tumeahidiana), nikapanda mlima hadi Amani, Usambara Mashariki.

Wapenzi wa ndege dunia nzima wanaijua Amani. Mwingereza Reginald Moreau alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha hapo tangu 1928 hadi 1946, na ndege wa huko akawajua kwa msaada mkubwa wa Salimu Asmani, mtu aliyekuwa akiingia msituni na kurudi na habari kamili. Kuna ndege mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu, anayeishi kwenye mitambaazi ya msitu huo na aliyepewa jina la kisayansi la Moreau. Nje ya Usambara Mashariki hupatikana kaskazini mwa Msumbiji. Huyo ndiye niliyemfuata. Naomba msicheke mapema.

Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa Kisambaa, mwembamba, amevaa ndala mahali ambapo mimi nilihitaji buti na fimbo. Asubuhi aliniita "kaka". Ilipofika saa tano, baada ya kilima cha pili, nikawa "mzee".

Jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia ni kwamba ndani ya msitu ni giza. Saa nne ya asubuhi, jua limewaka huko juu, na wewe chini unaona kama uko sebuleni umeme umekatika. Ndege mdogo hatulii, kwa hiyo kamera inabidi ifumbe na kufumbua haraka mno. Lakini ikifanya haraka, mwanga haupati muda wa kuingia. Kwenye mgongo wa kilima, mtandao ulipopatikana, nilimpigia shemeji. Akasema niweke 1/1000 ya sekunde. Picha ikatoka nyeusi tii. Akasema basi niweke 1/60. Ndege akatoka kama moshi wa sigara. Akaniuliza kama siwezi kuwasha flashi. Nikakata simu.

Halafu kuna suala la fokasi. Kamera hii ina akili, na akili yake ni ya harusini: inatafuta kilicho mbele, ikiamini kuwa aliye mbele ndiye mwenye shughuli. Msituni aliye mbele ni kijiti. Mara tatu kijana alininyooshea kidole: "Yule pale, mzee, nyuma ya majani." Mara tatu lenzi ilinguruma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikatulia kwa furaha kwenye kijiti, ikakipiga picha safi yenye kila ukungu na kila tundu la mdudu. Nyuma yake kuna doa la kijivu. Huenda ndiye ndege wa Moreau. Huenda ni jani.

Nikaamua kuhamia kwa ndege wakubwa. Hondohondo walipita juu yetu kwa kishindo, mbawa zinavuma kama mivukuto ya mhunzi, nami nikawapata: mkia mmoja. Kijana alinionyesha tundu kwenye shina la mti mkubwa. Alinieleza kuwa hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu akiatamia, mlango unazibwa ukabaki ufa tu, na dume humlisha kupitia ufa huo kwa majuma mengi. Kwa hiyo ndege pekee aliyekubali kukaa tuli Amani nzima alikuwa ndani ya mti, na mlango ameuziba.

Kulukulu naye ana wekundu wa ajabu, rangi yenye shaba ndani yake, lakini ameuficha kwenye mbawa. Akikaa ni kijani katikati ya majani ya kijani. Wekundu anauonyesha anapokuaga.

Tukafika kwa chozi wa Amani, ambaye kula yake na kulala yake ni kileleni. Nilisimama chini ya mti, shingo nimeikunja hadi kofia ikaanguka. Ndege yuko juu, siafu wako chini, na binadamu hakuumbwa aangalie kote kwa wakati mmoja. Nilihisi wa kwanza kwenye goti. Wa pili sitasema alikuwa wapi. Nilipoanza kuruka, kijana alininong'oneza, kwa upole kabisa: "Usiruke mzee, chozi atakimbia." Chozi akakimbia, nikabaki na machozi. Katika purukushani kidole kilikuwa kimeng'ang'ania kitufe, kamera ikapiga picha 46 mfululizo za suruali yangu, na zote 46 ziko kwenye fokasi.

Tulipopumzika, kijana alitoa simu yake, yenye kioo kilichopasuka kona, akaiegemeza kwenye jicho la darubini yake kuukuu, akampiga ndege mmoja aliyekuwa akijikuna kwenye mtambaazi. Akanionyesha. Kila unyoya unahesabika. Nikamuuliza ni ndege gani. Akanitazama kwa muda, kama anayepima iwapo nina moyo wa kupokea habari.

"Si ndiye uliyekuja kumtafuta, mzee?"

Nilimpa pesa zote nilizokuwa nimetenga kwa chakula cha jioni, akanitumia picha hiyo. Mke wangu alipoiona alisema, "Hii hujapiga wewe." Nikamuuliza amejuaje. "Ina ndege."

Shemeji alizipitia zangu zote kwa utulivu wa mtu wa kazi, kisha akauliza: "Shemeji, bibi harusi yuko wapi?" Kamera nilimrudishia siku mbili kabla ya Pasaka, nikiwa nimeiacha kwenye 1/1000 ya sekunde. Hilo aligundua Jumatatu ya Pasaka, maharusi walipokuwa wameshaingia ukumbini. Inasemekana waliingia vizuri sana.

Sasa tunasalimiana kwa kupitia mke wangu. Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda Amani, ukifika kwenye kilima cha pili, kabla ya ule mti wenye tundu, angalia chini kushoto kwa njia. Kuna mfuniko wa lenzi, mweusi, una stika ndogo ya moyo mwekundu. Ni wa shemeji. Ila angalia na siafu.