Mwongozo wa Kupaka Rangi Tela la Boti, kwa Mwenye Haraka wa Wawi, Pemba

Kwanza chagua siku. Masika ndiyo yake, tangu Machi mpaka Mei, maana chuma kitakuwa kimeshalowa na hutakuwa na haja ya kukiosha. Ukiikosa masika, ngoja vuli. Usithubutu kufanya kazi hii Januari au Februari, kaskazi inapovuma na kila kitu kimekauka: rangi itashika miaka, na muuza rangi wa Chake Chake atalisahau jina lako.

Tela limerudi kutoka Wesha, magurudumu yalizamishwa baharini mpaka boti ikaelea. Basi chumvi iache palepale. Huvuta unyevu wa hewani, na ukiifunika kwa rangi itaendelea na shughuli zake chini kwa chini mpaka juu pafure malengelenge. Jirani mbishi atakwambia ulimwagie maji ya mfereji na usugue. Mwambie maji yamekatika. Wawi hakuna atakayekubishia.

Brashi ya waya na msasa waachie wasio na kazi. Ukweli ni kwamba kupaka tela, kwa sehemu kubwa, ni kukwangua, na hilo ukiliruka utamaliza kabla ya adhuhuri. Ikiwa mtu atakushikiza grainda kwa nguvu, kwangua mpaka chuma king'are, kisha kiache wazi usiku kucha. Alfajiri utakikuta chekundu tena, na hapo ndipo pa kupaka.

Tela lililotoka nje likiwa limechovywa zinki linataka ujanja wake: lipake rangi ya mafuta ya kawaida, bila rangi ya chini inayofaa zinki. Zinki na mafuta hayo yakikutana hufanya sabuni, sabuni hasa, na baada ya muda rangi huambuka vipande vipande. Watoto wataifurahia kuliko wewe.

Sasa atakuja mzee na chupa ya sifa, yale mafuta ya papa. "Mwanangu, vyombo vyetu tulivipaka hii." Huyu usimcheke. Nahodha mmoja Mskochi, Robert Fergusson, aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha yakizuia kutu. Akayafanyia kazi mpaka yakawa rangi inayokauka, na mwaka 1921 akaanzisha Marekani kampuni ya Rust-Oleum. Kwa hiyo mzee hajakosea. Sifa mbichi ukiimimina ndani ya mabomba ya tela, itayafaa. Lakini wewe una haraka: ipake nje, kisha juu yake rangi, uone itashika wapi.

Pa kuanikia ni shida, kwa sababu msimu wa karafuu kila penye jua pana jamvi. Basi liweke tela upande wa juu wa upepo, ili thina ipeperukie karafuu za mama mkwe. Usiogope harufu, ukiwa karibu na kiwanda cha makonyo utajidanganya kwamba kinachokuwasha macho ni mafuta ya karafuu. Karafuu hizo zitakapofika kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, mpeleke mtu mwingine. (Halafu ni mama mkwe huyohuyo ambaye angeweza kukufundisha. Mtu aliyeanika karafuu tangu utotoni anajua wingu lipi litapita na lipi litamwaga, na hawezi kudanganywa na kitu kilichokauka juu tu.)

Matundu ya chini ya mabomba, yale ya kutolea maji, yazibe yote kwa rangi. Maji ya bahari yatakaa humo na kukila chuma kwa ndani, na tela litabaki zuri machoni mpaka siku litakapokatika.

Mwisho, usibague. Paka taa, paka namba, paka chuma cha kuungia gari, paka na nati za magurudumu, mikono miwili mizito, ya pili kabla ya ya kwanza kukauka. Siku gurudumu likipasuka njia ya Wesha, fundi atalazimika kuzikwangua nati hizo kwanza ndipo azifungue, na tela litakuwa limepata walau mahali pamoja palipokwanguliwa sawasawa.