Sifa za Dumu la Njano

Pale Posta, katikati ya Dar es Salaam, Askari wa shaba amesimama na bunduki yake tangu 1927, akikumbukwa kwa vita ya wakubwa isiyomhusu. Sina ugomvi naye. Ninachouliza ni kwa nini askari wa pili, ambaye hajapewa likizo hata siku moja, hana sanamu, hana stempu, hana hata kichochoro kilichopewa jina lake. Nalizungumzia dumu la maji: lile la njano, la lita 20, lililoingia nyumbani na mafuta ya kupikia, mafuta yakaisha, lenyewe likabaki kama mjomba aliyekuja kusalimia.

Kuliita askari si utani. Babu yake alikuwa wa bati, akabuniwa Ujerumani miaka ya 1930 kubebea petroli ya jeshi. Alikuwa na mishikio mitatu, ili mtu mmoja ashike mawili matupu kwa mkono mmoja, au wawili wasaidiane moja lililojaa. Katika Vita ya Pili ya Dunia Waingereza walipoyateka madumu hayo huko Afrika Kaskazini waliyapenda, wakayaiga. Vita ikaisha, wanajeshi wakarudi makwao, lakini dumu halikuona barua ya kuachishwa. Lilivua bati likavaa plastiki, mishikio ikapungua hadi mmoja, likahamishiwa idara ya maji, vituo vya Manzese, Mbagala na Gongo la Mboto, na huko ndiko liliko hadi leo bila kupandishwa cheo.

Tazama utumishi wake. Kampuni ya City Water ilikabidhiwa maji ya jiji mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka kumi. Mwaka 2005 mkataba ukavunjwa. Ikaja kampuni ya umma, DAWASCO, nayo ikaunganishwa na mamlaka ya maji, DAWASA. Nembo kwenye bili zimebadilika, mameneja wamekuja na kuondoka na magari yao, na muda wote huo ukitaka kujua maji ya mtaa yako wapi, unaliuliza dumu. Likiwa limelala chini ya kitanda, maji yapo. Likiwa limepangwa barabarani, unajua hali.

Na linavyojua kupanga foleni! Binadamu anasukumana, anamkumbuka shemeji aliye mbele, anadai alikuwa hapa tangu usiku. Dumu linakaa pale ulipoliweka, na jina la mwenyewe limeandikwa ubavuni kwa rangi ya kucha, huku mwenyewe amerudi kulala. Kioski cha maji kikifunguliwa alfajiri unakuta bunge kamili limeshakaa kimya, jambo ambalo mabunge mengine hayajaliweza. Mwaka 1972 Gilbert White na wenzake wawili walichapisha utafiti mkubwa kuhusu wachota maji wa Kenya, Uganda na Tanzania. Watafiti wengine walirudi kwenye maeneo hayohayo mwishoni mwa miaka ya 1990, wakakuta kwamba kwa watu wa mijini wasio na bomba nyumbani, muda wa kutafuta maji kwa siku umeongezeka zaidi ya mara tatu. Mara tatu! Nitajieni sekta nyingine iliyokua kwa kasi hiyo, na bila mkopo.

Wapo wanaobeza kwamba dumu ni dalili ya kukosekana kwa mpango. Hao hawajasoma mpango. Mwaka 1971 serikali ilianza programu ya miaka ishirini ya kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumbani kwake ifikapo 1991. Ilipofika 1991, dumu lilikuwepo kupokea wageni. Kisha Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaweka kipimo cha huduma ya msingi vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kwenye kituo kisichozidi mita 400, bomba moja kwa watu 250. Lita 25 ni dumu moja na robo. Yaani waliokaa mezani kuandika walikuwa na dumu kichwani, kwa maana ya mawazo. Wa kulibeba kichwani hasa alikuwa mtu mwingine.

Tufanye hesabu, maana dumu halipendi maneno matupu. Familia ya watu watano inahitaji lita 125, yaani madumu sita na robo. Hiyo robo tuwasamehe, wasioge. Safari sita za mita 400 kwenda na 400 kurudi ni karibu kilomita tano, nusu yake ukiwa na kilo 20 utosini. Sasa bombani. Watu 250 kwa lita 25 ni madumu 312 na ushee kwa siku. Bomba likiwa na afya njema, likatoa lita kumi kwa dakika, kila dumu linajaa kwa dakika mbili. Hizo ni zaidi ya saa kumi za maji kumwagika mfululizo, bila mtu kupiga soga, bila bomba kukohoa, bila mwenye ufunguo kwenda msibani. Na hapo, ndugu msomaji, sera imefaulu. Hatujafika kwenye vijiji ambako haijafaulu.

Kipaji kingine cha dumu ni kumtambua mtu anayelibeba. Likiwa la matumizi ya nyumbani, hupanda kichwa cha mama au cha binti aliyevaa sare ya shule, na ngata ya khanga katikati. Likiwa la biashara, mara moja hupata magurudumu: mkokoteni, guta, baiskeli yenye madumu manne ubavuni, na nyuma yake kijana wa kiume anayepuliza filimbi. Maji ni yaleyale, uzito ni uleule. Mtu akitaka kujua kazi ipi katika jamii yetu inalipwa na ipi inaitwa wajibu, asihangaike na vitabu vya uchumi. Asimame njia panda asubuhi atazame madumu yanapita na nini.

Kuhusu bei, dumu lina huruma isiyo na mipaka: linawaruhusu maskini kuchangia zaidi. Mwenye mita nyumbani hununua maji kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu hamsini. Dumu likiuzwa shilingi 200 mlangoni kwako, bei ambayo siku za shida hugeuka kuwa ndoto nzuri, uniti imekugharimu 10,000. Likifika 500, uniti ni 25,000. Mwenye bustani ya ukoka angeletewa bili yenye bei hiyo, angempigia mbunge usiku huohuo. Mama wa chumba kimoja hapigi simu, kwa sababu hajaletewa bili. Ametoa mia mia kila siku, hakuna karatasi, hakuna deni, hakuna takwimu. Ni utulivu mkubwa kwa taifa.

Ilitokea mara moja dumu likasahau adabu. Mwishoni mwa 2022 mvua ziligoma, Mto Ruvu, unaobeba sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam, ukapungua, na jiji likaingia kwenye mgao. Ghafla madumu yakaonekana kwenye buti za magari ambayo hayajawahi kubeba kitu kizito kuliko begi la gofu. Watu waliofikiri maji hutoka ukutani wakajifunza kuuliza boza linafika lini. Kwa wiki chache lugha ya mji ikawa moja, na magazeti yakaandika kwamba kuna tatizo la maji. Kimara na vilima vyake walisoma habari hiyo kwa mshangao, kama mtu anayesoma tanzia ya jirani aliyekwisha kuzikwa.

Nisisahau uzee wake, maana hapo ndipo linapoaibisha mafao ya watumishi wengine. Likitoboka, fundi hulichomelea kwa kisu cha moto na kipande cha marehemu mwenzake. Kizibo kikipotea, mfuko wa nailoni na gunzi la hindi hukaimu nafasi. Likichoka kabisa hukatwa: juu faneli ya mafuta ya taa, chini bustani ya mchicha. Mdogo wake wa lita tano hufungwa kamba na kijiti, akaitwa kibuyu chirizi, akatundikwa nje ya choo cha shule kunawisha watoto mikono, shule ambayo mchoro wake una sinki.

Lalamiko langu ni moja tu. Kaulimbiu ya nchi inasema "kumtua mama ndoo kichwani". Ndoo! Chombo kisicho na kizibo, kinachomwaga theluthi ya mzigo njiani, ndicho kilichopata jina kwenye fulana na mabango, na dumu lililofanya kazi halikutajwa. Angalieni uzinduzi wowote wa mradi wa maji. Utepe unakatwa, koki inafunguliwa, ndoo mpya ya plastiki inajazwa mbele ya kamera. Kisha mgeni rasmi huinama, huinyanyua kwa mikono miwili, na kumtwisha mama kichwani, wakati mshereheshaji akieleza kwenye kipaza sauti jinsi mradi huu ulivyomtua. Makofi. Waandaaji wafikirie kutumia dumu safari ijayo. Lina kizibo, halitailowesha suti ya mgeni rasmi, na yule mama ataweza kusimama nalo pale juani mpaka hotuba iishe.