Udi Uliogeuka Msumeno

Kontena likishateremshwa Kilindini, hukawii kuziona stirio kuukuu za Ulaya zimepangwa barazani, zimefutwa vumbi na kupandishwa bei. Mjomba alijinyakulia amplifaya na spika mbili zinazomfika kiunoni, akaja nazo Kibokoni kwa mkokoteni, watoto wa mtaa nyuma. Usiku akatoa santuri za marehemu babake, zile za lebo ya Mzuri ya Assanand & Sons wa hapa Mombasa, akaweka moja ya udi.

Paka alitoka kwa dirisha. Jirani wa ghorofani akauliza, "Mwanangu, msumeno huo mpaka saa ngapi?"

Mjomba alimlaumu mwimbaji, kisha mpiga udi, kisha kizazi chote cha wanamuziki wa zamani. Fundi alipokuja akachungulia nyuma ya amplifaya, akacheka. "Ami, santuri umeichomeka pa kaseti!" Santuri hukatwa kwa hila. Sauti nene hupunguzwa, maana zikiachwa mfereji wa sindano hutanuka ukala nafasi yote. Sauti nyembamba huongezwa zifunike mkwaruzo wa plastiki. Kipimo cha hila hiyo, RIAA, kilikubaliwa Marekani mwaka 1954, na amplifaya yenye sehemu ya fono hukipindua, kila sauti ikarudi mahali pake. Ya mjomba sehemu hiyo ilikufa zamani, na muuzaji alikuwa ameiziba kwa gundi. Kwa hiyo sauti za juu kabisa zimezidi karibu desibeli 20, za chini kabisa zimepungua kiasi hicho hicho.

"Yaani besi yangu imebaki Ulaya?"

Fundi akaleta kijisanduku cha fono, na udi ukarudi udi. Lakini akiwekwa mwimbaji Zuhura Swaleh, lile taishokoto la nyuzi za chuma bado lilitutoboa. Hapo mshukiwa alikuwa mkaza mjomba. Kwa ajili ya Idi alikuwa ameng'oa kapeti na mapazia mazito, akatandika vigae sakafu nzima na nusu ya ukuta. Nguo humeza sauti nyembamba. Kigae huirudisha karibu yote, nayo hugonga ukuta wa pili ikarudi tena. Na sikio letu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, pale pale chuma kinapolilia.

Sikatai, zipo rekodi zilizoharibiwa studio, fundi akitaka kufufua mkanda uliochakaa kwa kuzidisha makali. Ila sisi tuliolelewa na kanda za kunakili, nakala ya nakala, kila mara makali yakipungua, tumezoea muziki uliofunikwa blanketi. Kikija kitu safi tunapiga yowe.

Kosa langu lilikuwa mdomo tu: nilimsimulia mjomba kwamba mafundi wa studio za ng'ambo walikuwa wakitundika karatasi ya tishu juu ya spika ndogo za Yamaha NS-10, zilizotoka 1978, kupunguza ukali. Nyumbani hamkuwa na tishu. Mkaza mjomba aliporudi arusini alikuta doti yake mpya ya leso, haijapindwa bado, imebanwa kwenye spika kwa pini.

Kesi ilisikizwa jikoni, mlango umefungwa. Hukumu ikawa kapeti jipya kutoka Dubai, ghali kuliko stirio na spika zake. Muziki sasa ni mtamu. Anayetaka kusikiliza avue viatu.