Waraka kutoka California: Msiliamini Jangwa Lililochanua

Wapendwa wa nyumbani,

Dhumuni la waraka huu ni kuwaomba mpunguze imani yenu katika picha za jangwa lililochanua, zile za vilima vya rangi ya machungwa na mabonde ya zambarau ambazo kila mwaka, Februari ikiingia, huanza kuzunguka kwenye simu mpaka zifike kwenye kundi la ukoo zikiwa na maelezo kwamba huku ndiko anakokaa mwenzetu. Sisemi zimechorwa. Nyingi ni za kweli: maua yalikuwepo, na mpiga picha alikuwepo, tena amelala kifudifudi. Ninachosema ni kwamba picha ya namna hiyo inatoa ushahidi wa mahali kamera ilipowekwa na wiki ambayo ilipigwa, basi. Anayeichukua kuwa ushahidi wa nchi nzima anaibebesha mzigo usio wake. Kwa hiyo hata ile hoja ya Mjomba, kwamba mtu anayeishi kwenye bustani ya ukubwa ule hawezi kukosa hela ya bati anayoniomba, imejengwa juu ya mchanga, na mchanga wenyewe nitauonyesha hivi punde.

Tuanze na mvua, maana ndiyo shahidi mkuu. Bonde la Death Valley, mashariki ya California, hupata kwa wastani milimita 50 hivi za mvua kwa mwaka mzima, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Ni bonde hilo hilo lililoandikwa kwenye rekodi za dunia kwa joto la nyuzi 56.7 mnamo Julai 1913. Maua yake mengi ni ya msimu mmoja: mmea huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa kabla ya kiangazi, kisha mbegu hujilaza ardhini hata miaka mingi. Nyingi zina kinga ya kemikali inayozizuia kuota mpaka ije mvua ya kutosha kuisafisha. Manyunyu hayazidanganyi. Na mvua hiyo inyeshe kwa wakati wake, msimu wa vuli au mwanzoni mwa baridi, ikifuatiwa na nyingine kidogo kidogo, pasiwe na jua la mapema wala upepo wa kukausha. Masharti hayo yote hukutana kwa nadra kiasi kwamba wapenzi wa Death Valley hutaja miaka ya neema kwa majina yake: 1998, 2005, 2016. Katikati ya miaka hiyo kuna misimu ambayo mtu hufika na lenzi yenye bei ya bodaboda, akapokewa na mawe. Picha za mawe hayo hazijawahi kufika kwenye kundi la ukoo.

Tuje kwenye ufundi wenyewe. Katika hifadhi ya Anza-Borrego, iliyo kubwa kuliko hifadhi zote za jimbo hili na mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka San Diego, kuna ua la zambarau liitwalo verbena ya mchangani, linalotambaa chini. Ukisimama wima mbele yake mwezi wa Machi unaona shina hapa, shina pale, na katikati mchanga mtupu wa kutosha kuegesha toroli. Mpiga picha mzoefu hasimami. Hupiga magoti, kisha huweka tumbo chini, kisha kidevu, mpaka kamera iwe usawa wa petali. Hapo ua la mbele linafunika mchanga ulio nyuma yake, la pili linafunika wa nyuma zaidi, na jicho haliwezi tena kuona nafasi zilizomo katikati. Akitumia lenzi ndefu, akalenga shamba kwa mbali, matabaka ya nyuma yanaonekana kusogea mbele na kugandana. Akifungua tundu la lenzi wazi kabisa, chochote kisicho ua kinayeyuka kuwa ukungu wa rangi. Matokeo yake ni zulia. Mtu huyo huyo akinyanyuka na kujikung'uta magoti, zulia limekwisha. (Kwetu, mtu mzima akionekana amelala hivyo porini saa moja asubuhi, makalio juu, angeshasomewa dua. Huku anayepita humuuliza tu anatumia lenzi ya milimita ngapi.) Na maua yenyewe hayana adabu kwa wasanii. Wataalamu hupenda mwanga laini wa alfajiri, lakini popi ya California, ambayo ndiyo ua rasmi la jimbo tangu 1903, hufunga petali zake usiku na haifungui mpaka jua lipate joto, na siku ya baridi au mawingu inaweza kugoma kutwa. Primrozi nyeupe ya matutani nayo hufanya kinyume: hufunguka jioni na kunyauka jua likikolea. Kwa hiyo hata ile picha moja yenye maua yote mawili yamechangamka imechaguliwa dakika yake.

Kitu cha tatu kinachoachwa nje ya picha ni watu. Machi 2019, vilima vya Walker Canyon, karibu na mji mdogo wa Lake Elsinore, vilijaa popi, picha zikasambaa, na umati ukafuata kwa maelfu mpaka barabara zikaziba na halmashauri ikalazimika kufunga njia kwa muda. Waliofika wakakuta njia nyembamba, wakaiacha, wakaingia katikati ya maua ili waonekane wako peke yao na maumbile. Kila aliyeingia alikanyaga mimea na kuacha kijia, na kijia kikamkaribisha wa pili. Msimu huo huo, katika hifadhi ya popi ya Antelope Valley, watu wawili walitua na helikopta katikati ya maua, wakashuka wakaanza kutembea. Askari alipoelekea kwao, wakarudi mbio wakapaa. Mwaka 2023 popi zilipochanua tena kwa wingi Walker Canyon, mji ulifunga korongo zima. Sasa tazameni picha zilizotoka pale mwaka 2019: binti mwenye kofia pana amewapa mgongo, mbele yake kilima kitupu cha rangi ya moto, hakuna hata mtu mmoja. Ninyi mnaoishi kwa kupeleka watalii mbugani hamhitaji kufundishwa hapa. Mnajua simba wa Serengeti anavyotoka peke yake kwenye kalenda, na mnajua idadi ya magari yaliyokuwa yamemzunguka, injini zikiunguruma, dereva mmoja akimlaumu mwenzake kwa kumkinga.

Najua Shangazi atapinga, na pingamizi lake ni zito: kama maua yalikuwepo kweli, uongo uko wapi? Kila picha lazima ikate mahali. Hata picha ya harusi haionyeshi deni la ukumbi. Nakubali kwamba kukata si kosa, kwa kuwa hakuna fremu ya kubeba dunia. Tatizo linaanza pale ambapo mikato yote, ya kila mpiga picha, inaelekea upande mmoja. Mmoja akiacha mchanga nje, ni uchaguzi wake. Wote wakiuacha, kila mwaka, anayetazama kutoka mbali hana njia ya kujua kwamba mchanga upo, na hapo hata picha elfu za kweli zinajenga jambo ambalo si kweli. Sisi tulio ughaibuni ufundi huu tunaumudu vizuri mno. Gari lililo nyuma si letu, theluji ni ya siku moja, na jengo refu tunaingia kulisafisha. Hakuna aliyesema uongo. Ila hakuna hata mmoja aliyetuma picha ya kituo cha basi saa kumi alfajiri, na ninyi mnahesabu kwa mnachokiona.

Kwa upande wa wanyama, hoja yangu inachechemea kidogo, na ni haki niseme. Kondoo wa mwitu wa milima ya Anza-Borrego, wale madume wenye pembe nzito zilizojikunja, waliingizwa mwaka 1998 kwenye orodha ya serikali kuu ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kwa macho matupu ni doa la kijivu kwenye mwamba wa kijivu, na mara nyingi unalitambua kwa sababu limesogea. Lenzi ya milimita 400 inalileta doa hilo mpaka unahesabu mikunjo ya pembe, na picha inadai mlikuwa jirani. Ni uongo wa umbali, lakini ni uongo unaomwacha kondoo anywe maji yake kwa amani. Kobe wa jangwani anadai heshima zaidi: huhifadhi maji kwenye kibofu chake kwa ajili ya ukame, na ukimwinua akaogopa anaweza kuyamwaga yote na baadaye akafa kwa kiu. Kwa hiyo kwa mnyama naiunga mkono lenzi ndefu bila masharti. Ninachotaka ni picha ya pili. Mwaka wa maua huja pia na viwavi wa nondo mmoja mwenye mistari myeupe, wanene kama kidole, wanaotembea mchangani kwa wingi na kula verbena na primrozi mpaka mabua. Nyuma yao wanakuja mwewe wa Swainson, walio safarini kutoka Argentina kurudi kaskazini, wanashuka Borrego Springs na kuwafanya viwavi hao chakula cha njiani, huku wenyeji wakiamka asubuhi kuwahesabu. Mwewe mkubwa anayetembea chini kwa miguu, anadonoa viwavi, hana fahari hata kidogo, wala hauzi kalenda. Kwangu ndiye picha bora ya msimu mzima, maana anaeleza maua ni ya nani.

Pingamizi la mwisho nimelisikia kwa watu makini wa huku: bila picha za kuvutia, nani angejali jangwa? Watu hulinda wanachokipenda, na hupenda kilichopambwa. Historia inasema vinginevyo, angalau kwa kiasi. Minerva Hoyt, mama wa California aliyepigania eneo ambalo leo ni hifadhi ya taifa ya Joshua Tree, mwishoni mwa miaka ya 1920 alipeleka jangwa lenyewe kwenye maonyesho ya maua New York, Boston na London: mimea, mawe na mchanga. Watu wa mijini waliona miiba na ukavu wake, wakavutiwa hivyo hivyo, na mwaka 1936 Rais Franklin Roosevelt akatia saini tangazo la kulilinda eneo. Mchanga haukuwafukuza. Waliofukuzwa, miaka 83 baadaye, ni wale waliofika Walker Canyon wakitafuta zulia waliloliona kwenye simu.

Basi utaratibu mpya ni huu. Picha zangu za msimu huu zitakuja mbili mbili. Ya kwanza imepigwa kidevu kikiwa chini, ina kila urembo. Ya pili imepigwa mahali hapo hapo, nikiwa nimesimama na kugeuka nyuma: mchanga, vumbi, foleni ya magari, choo cha plastiki, na mzee mmoja anakung'uta kiatu. Msishtuke mkiona tembo wa rangi ya kutu kati ya maua. Ni sanamu la chuma, kazi ya Ricardo Breceda, na pale Borrego Springs yako mengi, likiwemo joka lililozama nusu mchangani. Hakuna aliyetoroka Ruaha. Ombi langu ni kwamba simu ikijaa, msiifute ile ya pili kwanza. Na Mjomba aitazame ya pili kabla hajapiga simu kuhusu bati.

Wenu mtiifu,
wa jangwani